Mwalimu Wilkista Nasambu: Miaka Thelathini Kazini na Barua Moja Isiyofutwa

Leo, Jumanne tarehe 30 Septemba 2008, Mwalimu Wilkista Nasambu anastaafu kutoka Shirika la Elimu ya Watu Wazima la Nzoia Juu. Alianza kazi Jumatatu tarehe 2 Januari 1978. Amelitumikia shirika hili miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na tisa. Nimezihesabu mara mbili, kwa sababu ratiba ya kwanza ya hafla hii iliyochapishwa ilimwandikia miaka ishirini na minane. Mtu akikupunguzia miaka miwili siku ya kukuaga, ujue hakulifungua hata faili lako.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ndalu. Darasa lilikuwa ghala la mahindi la chama cha ushirika, na msimu wa mavuno wanafunzi walikalia magunia. Alikuwa akifika kwa baiskeli, amevaa buti za mpira, chaki ameziweka ndani ya mkebe wa kakao zisilowe. Mvua ilipozidi aliiacha baiskeli kwa watu na kumalizia njia kwa miguu. Katika daftari la mahudhurio la mwaka 1979, wanafunzi wamekosa siku nyingi. Mwalimu amekosa mbili, na zote mbili alikuwa amejifungua.

Alifundisha kusoma, kuandika, hesabu na historia. Somo la historia ndilo lililompa jina, na ndilo lililomponza.

Lilianza na karatasi za kufungia dawa. Mwaka 1981 sista mmoja Mwairishi, mkunga katika zahanati ya misheni nje ya Kitale, alikuwa akimpa magazeti ya kwao yaliyokuja yamezungushiwa chupa. Katika gazeti moja Mwalimu alisoma habari ya mfungwa wa jeshi la siri la huko Ireland aliyegoma kula gerezani, akachaguliwa kuwa mbunge akiwa humo humo gerezani, na mwezi haukuisha akafa. Akaipeleka habari hiyo Ndalu. Wakulima wakaangua kicheko.

“Madam, hiyo umesoma vibaya,” mzee mmoja alimwambia. “Mbunge alale njaa? Wetu waliwahi kulala njaa lini?”

Mwalimu alipomsimulia sista, sista hakucheka. Alimwambia, “Usiwafanye kuwa watakatifu. Wale vijana waliua watu madukani na kwenye baa. Ukifundisha, fundisha yote. Kama huwezi, nirudishie gazeti langu.”

Alifundisha yote. Kwa miaka ishirini na mitano aliendelea kuiongezea habari hiyo kila kilipotokea kipya, na waliopita mikononi mwake wanaweza kuikariri hadi leo. Wanajamhuri wa Ireland walitaka sehemu ya kaskazini ya kisiwa chao itoke chini ya Uingereza, na wengi wao waliamini kwamba kura haiwezi kazi hiyo. Kuchaguliwa kwa mfungwa yule kuliwashtua. Mwishoni mwa mwaka huohuo msemaji wao aliuliza mkutanoni kama kuna atakayepinga wakichukua mamlaka wakiwa na karatasi ya kura mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Mwaka 1986 chama chao kilipiga kura kuingia katika bunge la Dublin lililosusiwa miaka yote, na waliokataa wakatoka ukumbini. Mwaka 1994 bunduki zikanyamaza. Mwaka 1996 mabomu yakarudi. Mwaka 1997 silaha zikanyamaza tena, na mwaka uliofuata mkataba ukatiwa sahihi na wananchi wakaupigia kura. Julai 2005 jeshi lao la siri liliamriwa kuweka silaha chini. Mwezi wa Septemba padri Mkatoliki na mchungaji Mmethodisti walishuhudia silaha zikiondolewa.

Mwalimu hakudai kwamba njia hiyo ilikuwa safi. “Toeni 1981 kwenye 2005,” alikuwa akiwaambia. “Miaka ishirini na minne mkono wa pili ndipo uchoke. Na waliozikwa katikati hapo nani atawarudisha?”

Hakuwafundisha kwa kuhubiri. Aliwagawa wanafunzi wake pande mbili, kana kwamba wao ndio wajumbe wa mkutano ule wa 1986, na alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila mtu atetee upande asiouamini. La pili, baada ya mjadala watu wapige kura ya siri, sasa kila mtu kwa imani yake mwenyewe, na upande ulioshindwa uwapikie chai walioshinda. Hakuna kununa na hakuna kwenda nyumbani kabla ya chai. Mtu asiyeweza kumpikia chai aliyemshinda, alisema, hajawa tayari kupiga kura. Nchi hii ilikosa wapishi wa chai baada ya uchaguzi wa Desemba iliyopita, na sote tuliokaa hapa tulinusa moshi wa nyumba zilizochomwa.

Alihamishiwa Chwele mwaka 1994. Darasa lake la mchana, baada ya soko, lilikuwa na watu thelathini na watano: wauza mbogamboga, wachuuzi wa mifugo, mafundi, akina mama wa maombi. Wawili kati yao ni lazima niwataje. Wa kwanza ni Bi Fadumo, muuza nguo ambaye wote humwita Mama Suad. Alikuja kujifunza kusoma ankara na akabaki kwa sababu ya mabishano. Wa pili ni Kibiwott, fundi seremala aliyeshuka kutoka mlimani mara mbili kwa wiki na rula ya mbao kwapani. Alikuwa mpole hata wenzake wakamtania kwamba anaomba ruhusa kwa msumari kabla ya kuupiga nyundo.

Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2006, Bwana Bramwel Makokha, wakati huo Meneja wa Mafunzo, alifika Chwele kukagua. Mlimani mambo yalikuwa yameshaharibika. Ugomvi wa mashamba ulikuwa umewaingiza vijana msituni na silaha, na kila mtu aliogopa. Mwalimu aliona kwamba kama kuna siku ya kufundisha somo la Ireland, ni hiyo. Kibiwott, kwa kuwa alichukia bunduki kuliko wote, alipewa upande wa bunduki.

Bwana Meneja aliingia wakati Kibiwott amepanda juu ya benchi.

“Bunge ni la wezi!” Kibiwott alikuwa akinguruma. “Kura haijawahi kumrudishia mtu hata shamba la kupanda vitunguu! Bunduki ndiyo itasema!”

“Wewe nawe shuka, bana,” Mama Suad alimjibu kutoka upande wa pili. “Ati bunduki itasema. Hata benchi unaipanda ukitetemeka!”

Darasa lilicheka. Bwana Meneja hakucheka. Alisimama mlangoni kwa dakika sita hivi, akaandika kitu, akageuka. Mwalimu alimfuata nje. “Mkubwa, ngoja kura,” alimwomba. “Somo liko kwenye kura.” Akajibiwa kwamba gari linasubiri.

Kura zilipigwa bila yeye. Ziko kwenye daftari la darasa: waliotaka kuingia bungeni thelathini na mmoja, waliotaka bunduki wanne. Kibiwott aliwaambia wote kwamba yeye alipiga ya bunge. Hata hivyo alikwenda kuwasha moto akapika chai pamoja na wenzake waliosemea bunduki, kwa sababu upande waliousemea umeshindwa na sharti ni sharti.

Jumatatu tarehe 23 barua ililetwa masjala, kwangu. Inasema kwamba Mwalimu Wilkista Nasambu “amegeuza darasa la shirika kuwa mahali pa mafunzo ya uasi”, na kwamba “mwanafunzi kwa jina Kibiwott alisikika akitangaza kuwa bunduki ndiyo njia ya pekee.” Iliamuru darasa lifungwe na Mwalimu ahamishiwe stoo ya vitabu Kitale asubuhi iliyofuata. Niliigonga muhuri wa kupokelewa saa nne na dakika kumi na kuiweka kwenye faili. Sikumuuliza mtu neno. Hilo ni kosa langu na ninaliandika hapa, maana siwezi kudai ukweli kwa wenzangu nikajiruka mwenyewe.

Basi sikilizeni kilichompata huyo mhubiri wa bunduki. Jumanne tarehe 13 Februari 2007 vijana wa msituni walifika nyumbani kwa Kibiwott wakamtaka ale kiapo na kujiunga nao. Alikataa. Walichoma nyumba, karakana na mbao za mwaka mzima. Alishuka Chwele kwa miguu na mke na watoto watatu, na Mama Suad akawapa chumba cha nyuma cha duka lake, walimokaa miezi kumi na mmoja kati ya marobota ya nguo. Nilipokwenda kuwaona, Kibiwott alinikaribisha kwa mzaha: “Karibu, karani. Mimi ndiye mtu wa pekee Bungoma aliyefukuzwa kwa kupenda bunduki na tena kwa kuikataa.” Mkewe hakucheka. Mimi pia nilishindwa.

Mtu aliyechomewa nyumba kwa kukataa silaha bado ameandikwa na shirika hili kuwa mchochezi wa silaha. Aliyemfundisha kukataa bado ameandikwa kuwa mwalimu wa uasi.

Mwalimu aliomba mara tatu barua hiyo ifutwe. Ombi la tarehe 6 Novemba 2006 halikujibiwa. La tarehe 5 Machi 2007, aliloambatanisha na picha ya majivu ya nyumba ya Kibiwott, lilijibiwa kwamba “linashughulikiwa”. La tarehe 12 Mei mwaka huu lilijibiwa kwamba jambo hilo limepitwa na wakati. Haliwezi kushughulikiwa na kupitwa na wakati bila kupita mahali fulani katikati, na nimepekua faili karatasi kwa karatasi nikitafuta hapo katikati. Hamna kitu.

Mwalimu aliyefundisha zaidi ya watu elfu mbili kusoma alimaliza miezi yake ishirini na mitatu ya mwisho akihesabu vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma. Hata huko hakulegea. Stoo ya Kitale haikuwahi kuwa na orodha, na sasa inayo. Mwezi wa Mei 2007 nilimpelekea makasha, nikamkuta ameweka redio dirishani. Maadui wa zamani wa Ireland ya Kaskazini walikuwa wameketi katika serikali moja. Hakuwa na ubao wala mwanafunzi. Alichukua chaki akaandika tarehe hiyo, 8 Mei 2007, ubavuni mwa kasha, akaniambia, “Walubengo, keti. Kuna somo.” Alinifundisha dakika arobaini, na mwisho akaniuliza maswali.

Wanaosema tusifufue mambo siku ya furaha, wanielewe. Darasa la Chwele litafunguliwa tena Jumatatu tarehe 5 Januari 2009. Wanafunzi wameandika kuomba Mwalimu Wilkista arudi kwa mkataba, kama wastaafu wengine wanavyorudi, naye amekubali. Lakini kanuni ya shirika inasema mtumishi mwenye barua ya uasi haruhusiwi kuingia darasani, na kanuni nyingine inasema faili la mstaafu hufungwa siku ya kustaafu, na likishafungwa haliongezwi karatasi wala halipunguzwi. Siku hiyo ni leo. Ninalifunga mimi, saa kumi na moja jioni.

Kwa mujibu wa ratiba, wasifu huu ukishasomwa atazungumza Mkurugenzi wetu, Bwana Bramwel Makokha. Ndiye aliyeandika barua ile, na amepandishwa cheo tangu hapo. Hotuba yake niliipiga chapa jana. Ina kurasa tatu. Inamwita Mwalimu “mjumbe wa amani”, na neno amani limo mara kumi na moja. Barua haikutajwa hata mara moja.

Bwana Mkurugenzi, kwa heshima zote, mjumbe wa amani na mwalimu wa uasi hawawezi kukaa katika faili moja. Chagua mmoja. Safu ya nyuma wameketi watu kumi na wanne waliokuja kutoka Chwele kwa bodaboda na pikapu, Kibiwott na Mama Suad wakiwamo. Hawakuja kula wali. Hati ya kuifuta barua nimeshaiandaa. Ina mistari miwili na nafasi ya sahihi. Iko juu ya faili, mezani kwangu, hatua ishirini kutoka ukumbi huu, na mlango wa masjala uko wazi.

Mwalimu Wilkista, asante kwa Ndalu, asante kwa Chwele, asante hata kwa orodha ya vitabu vya Kitale. Tunakuombea afya njema, shamba lenye rutuba na wajukuu wabishi. Keti na wanafunzi wako upumzike. Kwa saa hizi chache zilizobaki, sisi ndio tutakaosimama.

J. Walubengo
Karani wa Masjala, Bungoma