Safari ya Tela Kwenye Kadi ya Mrisho

Kibanda cha gemu cha Mrisho, kule Msimbazi, kilikuwa na runinga mbili, Pleistesheni mbili na memori kadi moja ya kuhifadhia michezo, nayo ilikuwa imejaa. Vijana wa mpira walitaka kuanza ligi yao. Ili ligi iingie, ilibidi ifutwe safari ya Augustino, ambaye kijiwe kilimwita Tela. Aliendesha malori ya shirika la umma hadi shirika lilipouzwa naye akapunguzwa. Kwa miezi mitatu alikuwa akiendesha lori ndani ya gemu ambalo hakuna mwingine aliyelitaka: nchi kubwa, barabara ndefu, watu hakuna. Kwenye benchi la nje, uamuzi aliachiwa Benjamini, msomi wa sheria aliyeitwa Kifungu kwa kuwa hakupokea neno bila kuuliza limeandikwa wapi. Alikunywa kahawa yake taratibu, amechoka kabla shauri halijaanza.

— Gemu gani halina hata goli? alianza Mrisho. Mteja akiona lile jangwa anageuza.

— Wangapi wamegeuza?

— Wengi.

— Wengi si idadi, Mrisho.

Chintan, aliyeiuza diski hiyo dukani kwake, alijitetea upesi.

— Watu walikuwemo, bwana. Waliochoma nakala ya diski ndio wamewapunguza, ili itoshee.

— Uliwaona?

— Kwenye kava wapo. Wanne.

— Weee! Nchi ile imebinafsishwa, alisema Mrisho. Kapewa mwekezaji, kafunga geti, wote kawapiga chini.

— Acha fiksi! alidakia Chintan. Taa za barabarani anawasha nani? Watu wapo, wamejifungia ndani wanamchungulia Tela. Wanajiuliza huyu mzee ataondoka lini, wapumue.

Benchi likacheka. Augustino alikuwa akizungusha kikombe kitupu.

— Mzigo wangu haujafika, alisema.

— Mzigo gani? Kifungu aliuliza.

— Sijui. Umefunikwa turubai.

Sitara, mama aliyekuja kumtafuta Chintan amuuzie waya wa runinga, alikuwa amesimama muda mrefu akisikiliza.

— Samahanini, alisema. Ukimtoa huyu baba, nani kati yenu amelicheza gemu lenyewe?

Mrisho akamtazama Chintan. Chintan akatazama kiatu chake. Kifungu, aliyemdai kila mtu ushahidi tangu adhuhuri, alijitafuta na kujikuta hana hata chembe.

Akanyanyuka, akamwita Augustino waingie kibandani, akaketi kando yake gemu likiwashwa. Robo saa nzima hakupita mtu kwenye runinga. Katika kila makutano Augustino alishika breki, akasimamisha lori, akageuza kamera kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo akaondoka.

— Unampisha nani? Kifungu alinong'ona.

— Atakayekuja.

Kifungu akatoka nje.

— Usifute, alimwambia Mrisho.

— Na ligi? Hebu nipe sababu basi. Kwa kifungu gani?

— Hakijaandikwa bado, alisema Kifungu, akaketi, akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Birika lilikuwa tupu.