Leonia Ngollo, Mwanamke Aliyewajua Nyoka

Wasifu huu unasomwa na binti yake mkubwa, Advera, katika mazishi ya Usinge, Ijumaa tarehe 17 Mei 2024.

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Usinge, nanyi mliopanda gari alfajiri kutoka Kigwa na Ng'ambo: poleni kwa safari, na asanteni kwa kuja kutusindikizia mama. Mengi yamesemwa juu yake tangu zamani, na mengine yamesemwa tangu jana. Sisi wanawe tumekubaliana yaandikwe yale tuliyoyajua, pamoja na lile moja ambalo mwenyewe alikataa lifichwe.

Marehemu Leonia Ngollo alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 kijijini Kigwa, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ngollo na Bi Josepha. Babu yetu alikuwa kibarua wa reli. Alifyeka majani kando ya njia ya treni, na huko alikutana na nyoka karibu kila siku. Lakini hakuwaogopa, kwa kuwa alikuwa Muyeye, mmoja wa watu wa nyoka, chama ambacho watu wake huchanjwa chale, hufundishwa dawa za sumu na hula kiapo cha kutunza siri. Babu alisema kwamba babu yake mwenyewe alikuwa akitangulia mbele ya wapagazi, enzi za misafara ya kwenda pwani, kuwasafishia njia. Nyumbani kwao rozari na kibuyu cha dawa vilitundikwa ukuta mmoja, na mama alibatizwa akiwa na wiki tatu.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kigwa mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Akiwa darasa la nne, nyoka wa kijani alitokea kwenye kabati la chaki, na mwalimu akapanda juu ya meza. Mama alimtoa nyoka kwa fimbo, taratibu, akamwachia kwenye majani. Aliporudi alisema, "Mwalimu, unaweza kushuka. Huyu hana sumu, alikuwa anatafuta vyura." Mwalimu alishuka akamshukuru. Ila kuanzia siku hiyo mama alikaa dawati lake peke yake mpaka mwisho wa mwaka, maana wazazi wa wenzake waliwakataza kukaa naye.

Kaka zake wawili walikataa kurithi uyeye wa baba yao, kwa hiyo babu alimfundisha yeye. Alichanjwa chale za mikono akiwa na miaka kumi na minne. Kiapo alichokula hatukukisikia kamwe, isipokuwa mambo mawili aliyotuambia: kutomtumia nyoka dhidi ya mtu, na kutotaja majina ya miti fulani kwa asiyeapa.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa kanisani na Adriano Sylvester, fundi wa mizinga ya nyuki. Mwaka 1975 walihamia hapa Usinge, wakalima mahindi na tumbaku, na baba akarina asali msituni. Mungu aliwajalia watoto watano. Mmoja, Ngollo, alitutoka angali mdogo. Baba aliulizwa mara nyingi kama haogopi kulala nyumba moja na mwanamke wa nyoka. Alijibu kwamba anachokiogopa ni mama akinyamaza.

Mwaka 1986 aliyekuwa katekista wetu, marehemu Leodgar, alitangaza kwamba kila mwenye chale za uyeye alete vifaa vyake vichomwe, au asipokee Ekaristi. Watatu walileta. Mama alikwenda kwake mikono mitupu.

"Ukichoma, yataisha leo," katekista alimwambia.

"Nikichoma nitakuwa nimesema ni ya shetani. Hapo nitakuwa nimedanganya, na kudanganya pia ni dhambi."

Kwa miaka kumi na tisa mama alikwenda misa kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipopanga mstari wa komunyo alibaki ameketi. Sisi watoto tuliona aibu. Yeye alituambia tuimbe kwa sauti.

Sasa tunafika kwenye lile ambalo hakutaka lifichwe. Mwezi Februari 1993, kijana jirani yetu aitwaye Silasi, mwenye miaka ishirini na minne, aliumwa mguuni na kifutu akichuma tumbaku. Walimleta kwa mama. Mama alijua ni kifutu, lakini alikuwa amekwisha kuwatibu watatu walioumwa na nyoka wa aina hiyo, na wote walipona. Akamweka nyumbani siku mbili. Mguu ulivimba ukawa mweusi. Siku ya tatu walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, akafia njiani.

Watu walisema mama alimtuma nyoka yule, na baadhi walitaka kuchoma nyumba yetu. Baba alisimama mlangoni kutwa nzima. Kwenye mkutano wa kijiji mama aliinuka mwenyewe.

"Sikumtuma nyoka," alisema. "Lakini mtoto wa watu nilimchelewesha. Hilo ni langu."

Msimu uliofuata alilima ekari moja ya mama yake Silasi kabla ya kugusa shamba lake. Yule mama hakumsemesha. Mwaka wa pili vilevile, na wa tatu. Mwaka wa nane, mama akiwa amefika na jembe, yule mama alitoka nje akasema, "Leonia, mwaka huu upande ule tutie karanga." Waliendelea kulima pamoja mpaka yule mama alipofariki.

Wiki chache baada ya msiba wa Silasi, mama alikwenda zahanati kwa Bwana Revocatus, mganga wa zahanati, aliyekuwa kijana wakati huo. Leo yuko nasi hapa akiwa mstaafu, na ndiye aliyetusimulia mazungumzo haya. Bwana Revocatus alimwamkia mama shikamoo, kisha akamweleza bila kuficha hasira yake kwamba wagonjwa wanamfikia wakiwa wamechelewa.

"Ndiyo maana nimekuja," mama alisema. "Nifundishe."

"Nikikufundisha utaacha dawa zako?"

"Sijui. Kwanza nifundishe."

Akamweleza kwamba nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na kwamba hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. "Mama Advera, wengi uliowaponya wangepona hata kama ungewapa maji matupu."

Mama aliondoka bila kuaga. Masika yote hakukanyaga zahanati. Tulimwona ameketi jikoni akinong'ona majina ya watu, mmoja mmoja, na nyoka aliyemuuma kila mtu. Mvua zilipokwisha alirudi kwa Bwana Revocatus.

"Nimewapitia wote ninaowakumbuka. Unayosema ni kweli. Nadhani baba yangu naye aliyajua, akanyamaza. Lakini wewe ukiletewa mtu aliyeumwa, unajua ni nyoka gani?"

"Sijui," alikiri.

"Mimi najua. Basi kaa na dawa yako, mimi nitakuambia nyoka."

Tangu siku hiyo mtu akiumwa, mama alifika, akatazama jeraha, akauliza nyoka alikuwaje na alikuwa wapi, akaenda kukagua mahali penyewe. Aliyeumwa na nyoka asiye na sumu alimtuliza, maana wengi hutetemeka zaidi kwa hofu kuliko kwa jeraha. Kwa kifutu, swila au koboko, hakupoteza hata dakika. Alisema, "Hospitali," na yeyote mwenye chombo cha usafiri alikitoa. Dawa zake hakuzitupa. Aliwapaka watu wenye maumivu ya mgongo. Alipoulizwa kama zinatibu sumu, alijibu kwamba hajui, na kwamba neno hilo lilimchukua miaka arobaini kulitamka.

Mwaka 2001 Mama Recheli, mke wa katekista Leodgar, aliumwa na kifutu shambani. Yuko hapa leo, na ametuomba haya yasomwe. Watu walikuwa wamemzunguka wakisali. Mama alifika bila kuitwa, akatazama jeraha, akamwambia katekista, "Endelea kusali, lakini salia ndani ya gari." Mama Recheli alilazwa hospitali ya wilaya siku kumi na moja, akapona. Katekista alishuhudia kanisani kwamba ni maombi, hakutaja mengine. Sisi tulikasirika. Mama alisema, "Mwacheni. Alimshika mkewe mkono njia nzima."

Mwaka 2005 alikuja paroko mpya. Akamwona yule mama wa benchi la nyuma, akamuuliza, "Ukimtazama mtu aliyeumwa, unamwomba nani?"

"Padri, wakati huo simwombi mtu. Natazama alama za meno."

Jumapili iliyofuata alipokea komunyo. Alirudi kuketi benchi lile lile, kwa kuwa alikwisha kulizoea.

Mwaka 2008 walikuja wataalamu wawili kutafiti miti ya dawa. Aliwapa ile isiyofungwa na kiapo, ile mingine akawaambia wazi kwamba hatawapa. Kwa siku mbili aliwaeleza nyoka wanakohamia tumbaku ikishavunwa, na kwa nini watu huumwa zaidi miezi ile. Hilo hawakuliandika. Mimi nililiandika kwenye daftari, na shule mbili za hapa zinalisoma kwa watoto kila Januari.

Baba alifariki mwaka 2014. Mwaka 2016 tulimhamishia mama kwangu, Ng'ambo, ambako jirani yetu fundi cherehani, Bi Mwanahawa, alimfanya dada yake. Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Baadhi ya ndugu walisema amerogwa na Wayeye kwa kuvunja miiko, wakataka kumpeleka kwa mganga mbali. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Figo zimechoka. Daktari amenionyesha karatasi. Nanyi mmechoka pia, nendeni mkale." Wiki za mwisho Bi Mwanahawa alikuja kila asubuhi kumwosha miguu. Mama alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Tangu jana kuna wanaouliza nyoka wake atatoka nyumbani saa ngapi, na nani atamrithi. Tunajibu kwa heshima. Hakuna nyoka. Tumeifagia nyumba ya Ng'ambo na hii ya Usinge, tukakuta viatu vyake, miwani, rozari na kibuyu. Kibuyu alisema kizikwe naye pamoja na rozari, na Baba Paroko ameridhia. Majina ya miti ile hatuyajui. Yanaingia kaburini leo, na hilo linatuuma, lakini ni lake.

Ameacha watoto wanne: mimi Advera, Sylvester, Josepha na Leokadia, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu watatu, mdogo wake Mzee Kalisti wa Kigwa, na dada yake wa Ng'ambo, Bi Mwanahawa.

Mungu aliyeumba watu, akaumba na kila kitambaacho juu ya ardhi, amlaze mama yetu mahali pa amani.