Nedjeljko Andrijević (1948–2023) na Padri Aliyeonekana Chumbani Mwake

Majirani, marafiki, na ninyi mliotoka Vareš kwa barabara yenye barafu: maneno haya yameandikwa na Ljerka, dada mkubwa wa Nedjeljko Andrijević, na yanasomwa na Iskra, binti wa Nedjeljko, kwa sababu mwandishi hana hakika kama sauti yake ingefika mwisho. Tangu Ijumaa mji huu wa Sarajevo hauna habari nyingine. Inasemwa kwamba Neđo, aliyesema hadharani kwa miaka arobaini kuwa hakuna Mungu, alimwita padri siku moja kabla ya kufa, akaungama. Gazeti moja la mtandaoni limeandika hivyo. Wengine mmefurahi, wengine mmejiona mmesalitiwa, na wote mmempigia simu Ljerka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa chumbani. Atajibu humu humu, akifika mahali pake. Hajalala vizuri siku tatu hizi, na anaomba asiharakishwe.

Tena Nedjeljko hataitwa marehemu. Alikuwa akisema neno hilo limembeba ndani yake mtu anayerehemu, na mtu huyo yeye hamfahamu. Tutamwita Neđo, kama alivyoitwa.

Neđo alizaliwa Vareš, Jumapili tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa Mato, fundi wa tanuru la chuma, na mkewe Kata. Nedjeljko maana yake ni mtu wa Jumapili, na jina hilo lilimsumbua maisha yake yote. "Mama aliangalia kalenda, mimi sikuulizwa," alikuwa akijitetea. Alibatizwa wiki mbili baadaye. Ljerka, wakati huo ana miaka minne, alishika mshumaa, na anakumbuka kwamba mtoto alilia tangu wanaingia kanisani mpaka wanatoka.

Baada ya shule ya msingi alipelekwa shule ya mapadri Wafransisko, mwaka 1962, akakaa dawati moja na Stipan, ambaye leo ni Padri Stipan na amesimama hapo nyuma bila joho lake. Pasaka ya 1965 Neđo alirudi nyumbani na sanduku lake lote. Mezani palikuwa na mayai yaliyopakwa rangi na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Akasema, "Baba, mimi siamini."

"Huamini nini?" Mato akauliza.

"Chochote cha kule."

"Basi kula nyama. Hiyo unaiona."

Mama yao alitoka nje akaenda kulia kwenye banda la kuni. Ljerka alimfuata. Kata alimshika mkono akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Mwangalie huyu asije akapotea." Ljerka alilichukua kama agizo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muda wake umekwisha.

Neđo alihitimu fizikia katika Chuo Kikuu cha Sarajevo mwaka 1971, akafundisha sekondari miaka saba, kisha redio ikamchukua, na baadaye televisheni. Kipindi chake cha "Kwa Nini?" kilikuwa hewani kila Alhamisi saa mbili usiku. Alieleza radi, kutu, kwa nini maziwa yanafurika jikoni, na mtazamaji akimuuliza Mungu yuko wapi katika haya yote, alijibu kwa adabu kwamba yeye hajamwona na hadhani yupo. Kulikuwa na barua. Mwaka 2004 kulikuwa na jiwe dirishani. Ljerka hakuwahi kukiona kipindi hicho kikiwa hewani hata mara moja, kwa kuwa kila Alhamisi saa hiyo alikuwa kanisani kwa Mtakatifu Antoni akimwashia mdogo wake huyo mshumaa. Neđo alijua. Alikuwa akimpigia simu saa tatu kasoro na kumwuliza, "Je, Dada, leo tumeungua kiasi gani?"

Mwaka 1986 alijikwaa. Akifunga kipindi alisema, "Basi watazamaji, tukutane Alhamisi ijayo, Mungu akipenda." Akaitazama kamera, akasema, "Hilo lilikuwa la mama yangu." Mwaka mzima wauzaji sokoni hawakumpa kabichi bila kumwambia, "Haya profesa, kesho tena, Mungu akipenda," naye akawajibu, "Na wewe ukiamka." Wakati wa vita alifundisha watoto wa jengo lao kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, na huko hakubishana na mtu yeyote aliyekuwa akisali.

Tarehe 7 Oktoba 1972 alimwoa Senada, mwalimu wa piano, binti wa mfua shaba Mwislamu wa Baščaršija, soko la kale la mji. Ndoa ilifungwa manispaa. Mama wawili walilia, kila mmoja kwenye kona yake, kwa sababu ileile. Nyumbani kwao Krismasi ilipikwa na Bajram, yaani Idi, ilipikwa, na Neđo alisema kuwa ndiye pekee mle ndani asiyekosa sikukuu ya mtu. Senada alifariki mwaka 2016. Baada ya hapo Neđo alikula supu ya Ljerka kila Jumapili na kumtania kwamba anaitia chumvi ya toba.

Ugonjwa wa mapafu uligunduliwa Septemba 2022. Tarehe 9 Januari alilazwa, na kesho yake alimwita dada yake karibu. "Dada, nisikilize. Maumivu yakizidi nikapiga kelele 'Mungu wangu', usiende kumwambia mtu. Hiyo ni lugha tu, ndivyo tunavyoongea. Na padri asikanyage hapa. Wakisikia tu amepita kwenye korido, miaka yangu arobaini imekwisha. Niahidi." Ljerka aliahidi. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Kwa upande mmoja alikuwa na neno lake, kwa upande mwingine alikuwa na neno la mama yake, na katikati alikuwa na moto wa jehanamu, ambao yeye anauamini kabisa.

Alivumilia siku kumi na tano. Jumatano tarehe 25 Neđo alikuwa hajafumbua macho tangu asubuhi, na Iskra, akitoka Ljubljana, alikuwa amekwama mpakani kwa theluji. Saa tisa alasiri Ljerka alitoka koridoni akampigia Stipan simu. "Njoo. Amelala, hatajua."

Padri Stipan alikuja na mafuta ya wagonjwa na stola, ule ukanda wa padri wa shingoni, mfukoni. "Ljerka, ameomba mwenyewe?"

"Hapana."

"Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Kitandani sauti ikasema, "Stipan. Umenenepa."

"Na wewe umekonda, bwana wee."

"Nani amekuita?"

Padri akamtazama Ljerka. Ljerka akasema, "Mimi. Nilikuahidi, nimevunja. Naogopa, Neđo. Naogopa utakwenda mahali nisipoweza kukuletea hata supu."

Neđo aliisogeza barakoa ya oksijeni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi. "Stipan, mimi sina shida. Mwenye shida ni huyu. Mhudumie yeye kwanza, maana ndiye anayeogopa. Mimi nitageukia ukutani."

Kwa hiyo padri alivaa stola, na Ljerka akapiga magoti kando ya kitanda, mkono wake umeshika mkono wa mdogo wake. Aliungama uongo wake, na hofu yake, na mengine yasiyo ya hapa. Mlango ulifunguliwa. Muuguzi aliona stola, aliona mkono wa padri umeinuliwa juu ya kitanda, aliona Neđo amelala kimya. Akaufunga taratibu. Hakusema uongo kwa alichokisema baadaye. Alikosea tu nani ni nani.

Walipomaliza Neđo aliuliza, akiwa bado ameangalia ukuta, "Amekupa adhabu gani?"

"Baba Yetu tatu."

"Ndogo sana hiyo, Stipan. Hukumsikiliza vizuri."

Walicheka wote watatu mpaka kikohozi kikawakatiza. Hakuongea tena sana. Iskra alifika asubuhi, akamshika mkono. Neđo alifariki Alhamisi tarehe 26 Januari 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, bila kumtaja mtu yeyote wa duniani wala wa mbinguni.

Kila aliyemuuliza Padri Stipan ameambiwa kwamba haruhusiwi kusema kilichoungamwa. Ninyi mkadhani mmeshajibiwa. Alikuwa akitunza siri ya Ljerka. Na Ljerka naye alinyamaza. Ijumaa, mahali pa kuchapisha tangazo la msiba, karani alimwuliza, "Mama, tuweke msalaba, mwezi, au tawi? Nimesoma amerudi. Niweke msalaba?" Tawi ni la wasioamini. Ljerka alikaa kimya mpaka watu waliopanga foleni nyuma yake wakaanza kuguna, kwa sababu alitaka iwe kweli. Alisema tawi. Lakini binamu wa Vareš walipobandika lao lenye msalaba mlangoni pa jengo, hakulibandua, na kila alipopita alilitazama, na lilimfariji. Ndiyo aibu yake, na anaitoa mbele yenu.

Neđo hakuungama. Hakubadilika. Alikuwa na dada mwoga, akamruhusu asali pembeni yake.

Ameacha binti yake Iskra, mkwewe Gorazd, mjukuu wake Lenart, dada yake Ljerka, na rafiki yake Stipan, ambaye tangu sasa anaweza kuulizwa habari za unene wake tu.

Ljerka ataendelea kumwombea, bila ruhusa. Apumzike kwa amani; na kama yeye ndiye aliyekuwa sahihi, basi ameshapumzika, na anayehangaika ni dada yake peke yake.