Nani Anawakumbuka Vijana wa Tavurvur?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa Mkoa, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule Bwana ToLiu, Mchungaji, walimu wenzangu, wazazi, nanyi watoto mnaochekana huko nyuma: nawasalimu nyote.

Mmenisifu sana leo. Miaka thelathini na minane ya ualimu, mmesema, na sijawahi kukaidi agizo. Basi leo nakaidi.

Nilipoulizwa nataka muziki gani wa kuniaga, niliandika jina la bendi moja: Vijana wa Tavurvur. Mwenyekiti akalikata kwa kalamu. "Mwalimu, nani anawakumbuka wazee hao? Hata kaseti hawana!"

Ni kweli, hawana. Kanda zao zote zilikuwa nyumbani kwa mwimbaji wao, ToVarpiam, na paa lake liliporomoka kwa uzito wa majivu mwaka ule mlima wetu Tavurvur ulipolipuka mjini Rabaul. Je, aliyebomokewa na nyumba huambiwa hakuwahi kuwa na kwao?

Mimi nawakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa. Magitaa matano, ukulele mmoja, uwanja mzima unatikisika. Desturi yetu mnaijua: mwimbaji akikukosha, unammwagia poda kichwani. Nikakimbia na kopo zima la mama, nikalimimina kinywani mwa ToVarpiam katikati ya ubeti! Alipiga chafya tatu, zote ndani ya mdundo, akaendelea kuimba. Mama akaninyanyulia mkono. ToVarpiam akasema, "Dada, mwache mtoto. Hajakosea, amezidisha tu." Maneno hayo yalinifunza ualimu kuliko chuo.

Na siku ya majivu, tunaukimbia mlima, tumebanana kwenye lori, weupe toka utosini hadi unyayoni, watoto wanalia, nani alitutuliza? Ni yeye. "Aisee, leo mlima wenyewe umetumwagia poda! Haya tuimbe, tusiudhulumu." Tukaimba hadi mji wa Kokopo, tulikokimbilia. Na wewe, Bwana ToLiu, ulikuwa na miaka saba, umekaa mapajani mwangu, ukaimba kwa sauti kuliko wote. Nani anawakumbuka, eti?

Mzee ToVarpiam yuko nje sasa hivi na gitaa lake, kazuiwa getini kwa kuwa jina lake halimo katika ratiba. Wenzake wote wamekwisha tangulia. Sipokei zawadi, wala sishuki jukwaani, mpaka aingie. Mlinzi, fungua geti!

Nawashukuru kwa miaka yote mliyonivumilia. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, msikilizeni yeye.