Bwana Ngoja na Picha Zake za Treni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi saa mmoja aliyetutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Alikuwa fundi saa, lakini wengi wetu tulimjua kwa picha. Picha za treni. Alizipiga tangu ujana hadi uzee, na nyumba yake ilijaa.

Sasa sikieni ajabu. Msiba ulipotokea, familia ilitafuta picha yake moja ya kuweka sebuleni, wanaokuja kutoa pole waione sura yake. Haikupatikana. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefifia, yamebaki masikio tu. Mjane wake aliumia sana kwa hilo. Alitaka mumewe awepo sebuleni siku ile, na hakuwa na cha kumweka.

Tuanzie mwanzo. Mzee huyu hakuwahi kufanya kazi reli. Narudia, hakuwahi kuajiriwa reli hata siku moja. Alizipenda treni tu, na moyo ukipenda hauulizwi sababu. Alikuwa na kibanda karibu na soko, meza ndogo, taa ya kuinama, na saa za watu zikigonga kila moja kwa wakati wake. Jumapili alikifunga. Jumapili ilikuwa ya treni.

Asubuhi aliwaamsha mkewe na watoto wawili. Mke anafunga mikate na mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa, wanapanda treni. Wanashuka stesheni yoyote yenye daraja au kona nzuri, jioni wanarudi. Watoto walidhani ni matembezi. Mama yao alijua ni kazi. Mume kalala kifudifudi kwenye majani, kamera usoni, na ukimwita anajibu neno moja: ngoja. Mtoto ana njaa, ngoja. Mvua hiyo inakuja, ngoja. Wafanyakazi wa stesheni wakamwita Bwana Ngoja, na jina likaganda.

Binti yake, mtoto wa kwanza, anasema baba alikuwa na sheria moja. Treni iliyosimama hapigi. Alisema treni iliyosimama ni nyumba tu. Lazima iwe mwendoni, na mabehewa yote yaonekane hadi la mwisho. Watu waliingia kwenye picha kwa bahati mbaya. Binti huyo anayo picha ya utotoni ambamo yeye ni mguu mmoja pembeni, na treni imekaa katikati kama bwana harusi.

Mkewe aliwaambia majirani kwamba ana mke mwenza, na mke mwenza huyo ana magurudumu. Majirani walicheka. Lakini mvua ikinyesha ni yeye aliyesimama na mwavuli juu ya kamera, mwenyewe akilowa.

Na picha zenyewe, wasikilizaji, ni nzuri mno. Mjane wake alizitandaza kitandani tukaziona. Treni ya mizigo inavuka daraja, na chini mwanamke anafua bila hata kuinua kichwa. Katika nyingine, dereva kijana ameutoa mkono dirishani. Dereva huyo, sasa mstaafu, alikuja msibani. Alipooneshwa picha ile aliomba kiti akakaa. Akasema, "Kila nikipita ile kona nilipiga honi. Nilijua kuna mtu ananingoja."

Turudi kwenye msiba. Kijana wao wa kiume alipekua makasha yote, chini ya kitanda na juu ya kabati. Treni, treni, treni. Mama yake akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na picha ambayo watoto hawakuwahi kuiona.

Ilikuwa picha yake yeye, mama. Bado kijana, ametoka nusu mwili dirishani, mkono ameunyoosha, mdomo wazi, anafoka.

Walikuwa wametoka kuoana. Treni yao ilisimama kidogo kwenye stesheni ndogo, bwana akashuka kuipiga picha. Kwa kuwa hapigi treni iliyosimama, alisubiri iondoke. Ikaondoka kweli, na mkewe, na chakula, na tiketi zote mbili. Angeweza kukimbia akaruka ndani. Akarudi nyuma hatua chache, akapiga. Alifika nyumbani kesho yake na treni ya mizigo, na mke hakumsemesha mpaka picha iliposafishwa. Mke alipoiona, akaichukua na kuificha. Treni yote ilikuwa imetoka ukungu. Uso wake tu ndio ulioonekana sawasawa.

Watoto wakamwambia, mama, hii ni picha yako. Akajibu, "Hapo namtazama baba yenu. Wekeni hiyo."

Ikawekwa. Wageni wa kwanza walishtuka, wakidhani aliyefariki ni mama, na mama mwenyewe kaketi chini ya picha anawaitikia. Walipoelezwa walicheka, kisha wakalia.

Mama, wewe na wanao, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Mungu ampumzishe fundi wetu, na awatie nguvu mliobaki.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkiwa na albamu ndani, ifungueni leo. Angalieni ni nani hayumo. Kama bado yuko hai, mwiteni, mwambieni aweke kamera chini, aje akae katikati yenu.