Kijiko cha Unga Katika Poda ya Jirani

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kucheka, niwaambie nilichofanya: nilitia kijiko cha unga wa muhogo katika poda ya mwenzangu wa darasa. Bon, chekeni sasa, maana mbele hamtacheka.

Poda ile ilikuwa oksidi ya zinki iliyotiwa shaba kidogo, laini kuliko vumbi. Ukiipaka kwenye kipande cha kigae na kukipasha moto, inahisi gesi ya sumu ya makaa, king'ora cha kifaa kinalia. Mwenzangu aliitengeneza kwenye klabu ya sayansi. Kifaa cha kwanza kililia vizuri, mwalimu akaanza kumwita "Docteur". Wasichana wakapanga mstari kushika kichupa cha poda! Mi ndiye mchekeshaji wa darasa. Siku hiyo nilitoa vichekesho vitatu, hakuna aliyegeuka. Nyumbani mama naye: "Ona mutoto wa jirani! We unajua tu kuiga sauti ya padri." Wivu ukanichoma kama mwiba wa samaki.

Donc alipopaka kifaa cha pili, unga wangu ulikuwa ndani. Kilipochomwa tanuruni kikanuka andazi lililoungua. Nikasema, "Docteur, leta chai!" Darasa likacheka. Nilishiba.

Yeye hakushuku. Akakipeleka kwao Nengo, ukuta mmoja na kwetu, kukijaribu. Kesho yake ikanyesha. Mama yake akaona taa ya kijani ya kifaa inawaka, akaamini, akafunga mlango wa jikoni na imbabura, jiko la makaa, ikiwaka ndani. King'ora kimya. Mama yangu alikwenda kuomba chumvi, akamkuta chini, akamvuta nje.

Alizinduka. Mi nilisimama mvuani, na nawaambia, sikuwa na kichekesho hata kimoja. Nikasema yote mbele ya mwenzangu na mama zetu.

Mwenzangu akauliza, "Juu ya nini?"

"Juu walikuwa wanakuangalia we tu."

Wiki mbili nilisaga poda mpya kwa kinu cha maabara, yeye akinisimamia kama bosi. Wivu bado upo, hasa akijiita Docteur mwenyewe. Lakini kifaa kinalia.

Namshukuru mwalimu ambaye hakunifukuza klabuni, na mama wa mwenzangu aliyenipa chai nilipokwenda kuomba msamaha. Wenzangu, wivu ukikushika, mwambie yule unayemwonea huo wivu, hata kwa utani, kabla mkono haujaanza kazi.

Mama yangu alininunia siku tatu. Ya nne akasema: "Hata mi niko na wivu na mama yake Docteur. Lakini kila asubuhi namusalimia, na nataka aitike."