Jiwe Lililobakiza Siku Kumi na Tisa

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, mimi mdogo wake ninayemfuata, fundi wa majokofu, naomba mnivumilie nikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba karani na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1988, ambako mwalimu wa baiolojia alimtoa darasani mara mbili kwa kuja na kaa mfukoni, kaa mzima anayetembea.

Tarehe 2 Mei 1989 aliajiriwa kufagia ukumbi wa samaki katika jumba la makumbusho, akawa anauliza maswali hadi mafundi wakamchoka, na mwaka 1995 akakabidhiwa matangi yote ya maji ya chumvi, pamoja na lile lililowekwa na makumbusho katika hospitali ya watoto, pale wanaposubiri sindano, ambalo alilipenda kuliko yote. Jiwe la matumbawe huja na wadudu wake, kwa hiyo kila jiwe jipya alilitenga kwenye ndoo jikoni kwake siku sitini, akalikagua kila asubuhi kwa tochi na kioo cha kukuzia, akang'oa minyoo yenye miiba kwa kibanio, akamtega kaa mharibifu kwa kipande cha dagaa ndani ya glasi, na vile vidude laini vyenye mikono mingi, ambavyo ukivikata kila kipande kinaota upya, akavidunga sindano ya maji ya chokaa, kimoja kimoja. Tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza, mtu mzima anadunga jiwe sindano, naye akajibu kwamba mgonjwa wake angalau halii.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1998 na shemeji yetu, mpiga chapa wa mahakama, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2000 na wa pili mwaka 2006, ambao wote wapo hapa mbele yenu.

Kuhusu ugonjwa, kikao cha familia kiliandika kwamba marehemu aliugua ghafla. Shemeji aliukata mstari huo kwa kalamu, akanirudishia karatasi, akasema, "Andika ilivyokuwa, shemeji, halafu usome wewe mwenyewe."

Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024 nilikwenda kwao kutengeneza jokofu, naye alikuwa kazini. Kwenye ndoo jikoni kulikuwa na jiwe la tangi la watoto, likiwa siku ya arobaini na moja ya kutengwa, limejaa vidude vya kahawia tulivyoviita vifungo, kwa kuwa vimekaa kama vifungo vya koti, na alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba haviishi. Aliwahi kuniambia vina sumu, nikaona ni yale makuu yake. Nikasema nimsaidie, nikaliweka jiwe kwenye sufuria kubwa ya maji ili vidude vichemke vife, nikawasha gesi, nikafunga dirisha kwa sababu upepo ulikuwa unazima moto, nikatoka uani na jokofu langu. Sumu ile hupanda na mvuke. Kaka aliporudi alinusa akiwa mlangoni, akajua, akapita katikati ya mvuke hadi chumba cha nyuma ya jiko, akamtoa binti yake wa pili aliyekuwa amelala, kisha akarudi kuzima gesi na kufungua dirisha.

Binti alikohoa siku mbili akapona, mimi nilipata homa ya usiku mmoja, yeye kifua kilimbana na moyo ukaanza kuchoka. Aliwatajia madaktari sumu yenyewe, wakamwambia ukweli kwamba dawa yake hawana. Hakunilaumu hata neno moja, na afadhali angenilaumu. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, lile jiwe lisiende kwa watoto," na Jumatano tarehe 13 Novemba, saa tisa alasiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokaa naye siku zote nne, majirani waliotufungulia nyumba zao wakati yetu haikuingilika, na wenzake wa makumbusho, waliokuja na barakoa na glavu wakasafisha jiko, wakalichukua jiwe na sufuria wakaviteketeza kwa njia aliyowafundisha mwenyewe. Mwenye tangi nyumbani asichemshe jiwe, naomba hilo mtoke nalo hapa.

Kaka, pumzika kwa amani ambayo mimi sikukuachia. Jiwe halikufika kwa watoto.